"Smoke-filled": maana, matumizi na makosa yanayojirudia (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kivumishi hiki cha Kiingereza ni kifupi, lakini kinawachanganya wengi kwa sababu kinafanya kazi mbili zisizofanana. Kwenye habari ya moto, moshi ni moshi kweli. Kwenye habari ya siasa, huenda hakuna hata aliyewasha sigara. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza, walimu, wafasiri na wahariri wa habari.

"Smoke-filled" maana yake nini hasa?

Ni sifa ya mahali palipojaa moshi: chumba, baa, ukumbi, korido, handaki, chumba cha rubani. Ili kivumishi hiki kikae vizuri panahitajika mambo mawili. Kwanza, mahali penyewe pawe na mipaka inayouzuia moshi usitawanyike. Pili, moshi uwe mwingi kiasi cha kuonekana au kukera pumzi.

Kivumishi hakisemi moshi umetoka wapi. Uwe wa sigara, wa mafuta yaliyoungua kikaangoni, wa nyaya za umeme au wa mashine ya jukwaani, neno ni lilelile. Wala hakisemi kwamba mahali hapo panaungua. Ukisoma "Firefighters rescued two people from a smoke-filled flat", unaambiwa tu kwamba fleti ilikuwa imejaa moshi. Moto wenyewe huenda uliwaka ghorofa ya chini, moshi ukapanda kwa ngazi. Anayetafsiri kwa kusema watu waliokolewa kwenye fleti iliyokuwa ikiteketea amebuni jambo ambalo mwandishi hakuliandika.

Neno hili limeundwaje?

Ni kivumishi ambatani: nomino "smoke", kistari, kisha umbo la tatu la kitenzi "fill". Muundo huu una jamaa wengi. "Helium-filled balloon" ni puto lililojazwa heli, "water-filled ditch" ni mtaro uliojaa maji, na "fun-filled day" ni siku iliyojaa raha. Nomino ya mbele ndiyo inayojaza, na nomino inayofuata kivumishi ndiyo inayojazwa. Ukitaka kuhakikisha, geuza maneno: "a smoke-filled room" lazima iweze kuwa "a room filled with smoke". Ikigoma kugeuka, umeunda kitu kingine.

Nomino ya mbele kwa kawaida hubaki katika umoja. Rafu yenye vitabu mia ni "a book-filled shelf". Kwa hiyo "smokes-filled" haipo, hata kama moshi umetoka sehemu kumi tofauti. Zaidi ya hapo, "smoke" yenye maana ya moshi haihesabiki. Ukisikia "a smoke" au "smokes", kwa kawaida ni lugha ya mitaani ya kutaja sigara.

Je, kistari ni cha lazima?

Mbele ya nomino, ndiyo. "A smoke-filled corridor" huandikwa kwa kistari, bila nafasi upande wowote. Sababu yake ni ya kisarufi. "Smoke filled the corridor" ni sentensi kamili ambamo "smoke" ni kiima na "filled" ni kitenzi cha wakati uliopita, yaani moshi ulijaa kwenye korido. Msomaji akikutana na maneno hayo mawili bila kistari, jicho lake hutarajia sentensi ya namna hiyo, kisha hulazimika kurudi nyuma. Kistari kinamwambia mapema kwamba hili ni neno moja na kwamba nomino inakuja.

Kosa la upande wa pili pia lipo: watu huweka kistari ndani ya sentensi kamili. "Smoke-filled the room" si sahihi, kwa sababu hapo hakuna kivumishi.

Baada ya kitenzi "be", Waingereza na Wamarekani huandika "The room was smoke-filled", na kistari hubaki mara nyingi. Ushauri wetu ni kuliepuka umbo hilo mpaka mkono uzoee. "The room was filled with smoke" au "The room was full of smoke" husikika ya kawaida zaidi kwa mzungumzaji wa lugha hiyo. Kivumishi chetu nyumbani kwake ni mbele ya nomino.

"Smokefilled" kama neno moja ni kosa la tahajia. Kwenye vichwa vya habari vinavyoanza kila neno kwa herufi kubwa, sehemu zote mbili hupata herufi kubwa: "Smoke-Filled Rooms".

Hutamkwaje?

Silabi mbili tu: smouk-fild, na mkazo uko kwenye ya kwanza.

Mzungumzaji wa Kiswahili hukwama sehemu tatu. Ya kwanza ni mwanzo wa neno, ambapo ulimi unataka kuingiza irabu na kusema "simouk" au "esmouk". Anza na s ndefu kisha funga midomo moja kwa moja kwenye m, sssm, bila kupumzika. Ya pili ni katikati: k na f zinakutana bila irabu, kwa hiyo si "smouki-fild". Ya tatu ndiyo inayoleta madhara makubwa zaidi, nayo ni irabu ya "filled". Ni fupi na imelegea. Ukiivuta inakuwa "field", yaani uwanja au shamba, na kosa hilo huhamia hadi kwenye maandishi. "Smoke-field room" huonekana mara kwa mara kwenye madaftari ya wanafunzi, na programu ya kusahihisha tahajia hailikamati, kwa kuwa maneno yote mawili yapo kwenye kamusi.

Mwisho wa neno ni d peke yake. Hakuna "fi-led".

Kuna tofauti gani kati ya "smoke-filled" na "smoky"?

Tofauti ya kwanza ni ya kiwango. Chumba "smoky" kina moshi, na huenda ni kidogo tu. Chumba "smoke-filled" kimejaa. Ndiyo maana "a bit smoky" ni Kiingereza cha kila siku, na "a bit smoke-filled" inachekesha kidogo, maana kitu kimejaa au hakijajaa. Kwa sababu hiyohiyo "very" hukaa na "smoky" wala haikai na mwenzake. "Smoky" hupandishwa daraja kwa "smokier" na "smokiest". Kwa "smoke-filled", umbo la "more smoke-filled" linawezekana kisarufi lakini ni zito. Badili sentensi useme "There was more smoke in the second room".

Tofauti ya pili ni eneo la matumizi, na hapa "smoky" ina uwanja mpana ajabu. Inaweza kusifu kitu kinachotoa moshi, kama "a smoky fire". Inaweza kusifu ladha ("a smoky sauce"), harufu, rangi ya kijivujivu, vipodozi vya macho, hata sauti nzito yenye mkwaruzo ya mwimbaji. "Smoke-filled" haifanyi lolote kati ya haya. Sosi haiwezi kuwa "smoke-filled", na moto pia hauwezi, kwa sababu moto hautii moshi ndani yake, unautoa.

Kisha kuna "smoked", ambayo inahusu kitu kilichopitishwa kwenye moshi ili kikauke au kipate ladha. Samaki aliyekaushwa kwa moshi ni "smoked fish". Ukimwita "smoky fish" umesifu ladha yake. Ukimwita "smoke-filled fish", msomaji atawaza samaki aliyepulizwa moshi tumboni.

Niandike "smoky" au "smokey"?

"Smoky", bila e. Umbo lenye e utalikuta kwenye majina ya pekee, kwa mfano Smokey Bear, dubu wa matangazo ya kuzuia moto wa misitu nchini Marekani tangu 1944. Milima ya Great Smoky Mountains nayo huandikwa bila e. Jina lake halitokani na moto wowote: ukungu wa bluu unaoonekana juu yake huletwa na mvuke unaotolewa na mimea.

Wapi "smoke-filled" haifai, na nitumie nini badala yake?

Kwa mahali pa wazi neno huanza kulegea. "Smoke-filled skies" na "smoke-filled air" zinaandikwa, hasa misitu inapoungua, na hakuna mhariri atakayezikata kwa hasira. Lakini kwa hewa yenyewe "smoke-laden" ni sahihi zaidi, kwa sababu hewa hubeba moshi, haujai ndani yake. Ikiwa moshi umechanganyika na ukungu au uchafu wa magari na viwanda juu ya mji, neno ni "smoggy". Nomino yake, "smog", imeunganishwa kutoka "smoke" na "fog", na hutajwa sana pamoja na daktari Henry Antoine Des Voeux aliyeitumia London mwaka 1905. Ukiona tu weupeweupe wa mbali bila kujua chanzo chake, sema "hazy".

Kwenye taarifa za zimamoto za Uingereza unaweza kukuta "smoke-logged". Ni neno la kazini, limefuata mfano wa "waterlogged", na linaeleza jengo ambalo moshi umetuama humo hata mtu haoni mbele. Kwa ripoti ya kitaalamu ni neno zuri. Kwenye insha ya shule huenda mwalimu akalichora duara nyekundu.

Kwa madhara yanayobaki baada ya moshi kuondoka, badili sehemu ya pili ya neno. Ukuta wenye alama ni "smoke-stained", dari lililoshika masizi ni "smoke-blackened", na bidhaa zilizoharibika ni "smoke-damaged". Chumba kikishapitishwa hewa hakiwi tena "smoke-filled" hata kama kinanuka wiki nzima.

"Smoking room" si sawa na "smoke-filled room"?

Hapana, na hili huwaponza wasafiri. "Smoking room" ni chumba kinachoruhusiwa kuvutia sigara. Kinaweza kuwa safi kabisa asubuhi hiyo. Kwenye "smoking ruins", lakini, "smoking" ina maana nyingine: magofu yanayofuka moshi. Mkazo ndio unaozitenganisha. Katika "smoking room" mkazo mkuu uko kwenye "smoking", na katika "smoking ruins" uko kwenye "ruins".

Upande wa kinyume, "smoke-free" ni mahali pasiporuhusiwa kuvuta, na "non-smoking" hutumika hasa kwa vyumba vya hoteli na viti. "Smokeless" husifu kitu kisichotoa moshi, kama mkaa maalumu, baruti au tumbaku ya kunusa. Usiandike "smokeless building" ukikusudia jengo ambalo sigara zimepigwa marufuku.

Ni "filled with", "filled by", "full of" au "full with"?

"Filled with smoke" na "full of smoke". Basi. "Full with" ni kosa la kawaida mno, na hutokana na kuchanganya miundo hii miwili. "Filled by" hutumika pale unapomtaja aliyefanya kazi ya kujaza, si kitu kilichomo ndani.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni hatua ya tukio. Kiswahili kinatenganisha kinajaa, kilijaa na kimejaa, na Kiingereza nacho kina njia zake. "The room was filling with smoke" inamaanisha moshi ulikuwa ukiendelea kuingia. "The room filled with smoke" inaeleza kwamba kilijaa, mwanzo hadi mwisho. "The room was filled with smoke" inaeleza hali ambayo mtu aliikuta. "Smoke-filled" hukaa kwenye hatua hii ya mwisho peke yake. Kama shahidi anasema moshi ulikuwa ndio kwanza unaingia alipotoka mbio, usiandike kwamba alitoroka "a smoke-filled room". Katika taarifa ya polisi au ya bima, tofauti hiyo inaweza kubishaniwa.

Kikiwa pamoja na vivumishi vingine, kinakaa wapi?

Mwishoni, karibu na nomino: "a small, dark, smoke-filled room". Vivumishi vya ukubwa na mwonekano hutangulia. Kibainishi ni "a", si "an", kwa kuwa neno linaanza na sauti ya s.

Ukitaka kutaja vitu viwili vinavyojaza, Kiingereza kinaruhusu kistari kining'inie: "a smoke- and dust-filled tunnel". Ni sahihi, ila kwa msomaji wa kawaida "a tunnel filled with smoke and dust" inapita kwa urahisi zaidi.

Kwa nini magazeti huzungumzia "smoke-filled rooms" kwenye habari za uchaguzi?

Kwa sababu hapo ni nahau. Inamaanisha kikao cha faragha ambamo vigogo wachache wanaamua jambo lililopaswa kuamuliwa na wengi: nani awe mgombea, nani apewe cheo, nani aachwe. Sauti yake ni ya lawama. Hakuna anayejisifu kwamba alichaguliwa "in a smoke-filled room".

Nahau hii ilipata nguvu kutokana na mkutano mkuu wa chama cha Republican cha Marekani, wa kumteua mgombea urais, uliofanyika Chicago mwezi Juni 1920. Wajumbe walikwama. Jenerali Leonard Wood na gavana wa Illinois, Frank Lowden, walikuwa wakikabana koo, na baada ya raundi nne za kura siku ya Ijumaa tarehe 11 hakuna aliyefikisha wingi uliotakiwa. Mkutano ukaahirishwa. Usiku huo, katika hoteli ya Blackstone, maseneta na wakubwa wengine wa chama waliingia na kutoka kwenye vyumba vya George Harvey, mtu wa magazeti, wakipima majina. Kesho yake, katika raundi ya 10, mgombea akawa seneta wa Ohio, Warren G. Harding, ambaye mwanzoni alikuwa nyuma sana. Taarifa ya shirika la habari la Associated Press ilieleza kwamba aliteuliwa na kundi la wanaume ndani ya "smoke-filled room", na maneno hayo yakashika. Novemba mwaka huohuo Harding alishinda urais.

Meneja wa kampeni yake, Harry Daugherty, anakumbukwa kwa kubashiri miezi kadhaa kabla kwamba mambo yangeamuliwa usiku wa manane na wanaume wachache waliochoka, wameketi kuizunguka meza hotelini. Bashiri hiyo ndiyo iliyofanya hadithi ionekane kama njama iliyopangwa.

Je, ni kweli kwamba Harding alichaguliwa chumbani humo?

Wanahistoria wengi wanaona hadithi imetiwa chumvi. Hesabu za kura zenyewe zinaitia shaka: asubuhi iliyofuata, kuanzia raundi ya 5 hadi ya 8, Wood na Lowden waliendelea kuwa juu, na Harding aliwapita katika raundi ya 9 tu. Kama amri ingekuwa imeshatoka usiku, wajumbe wangeitii mapema zaidi. Inaelekea zaidi kwamba alikuwa chaguo la pili la wengi, mtu asiye na maadui, na wakubwa waliokuwa hotelini waliliona hilo kama walivyoliona wengine. Hata hivyo, kwa matumizi ya lugha haidhuru. Nahau haihitaji historia iwe safi.

Naweza kubadili maneno ya nahau hiyo?

Kidogo sana. "Smoke-filled room", "smoke-filled rooms" na "smoke-filled back rooms" zote zinabeba maana ya siasa. "A smoky room" inaipoteza karibu yote, na "a room filled with smoke" inaipoteza kabisa. Hapo msomaji atatafuta kizimamoto. Kama unaandika kuhusu makubaliano ya siri na hutaki kurudia nahau, tumia "backroom deal" au "behind closed doors".

Sigara zimepigwa marufuku sehemu nyingi. Neno halijapitwa na wakati?

Maana ya moto haijaguswa. Majengo bado yanajaa moshi. Iliyobadilika ni picha ya baa na kumbi za starehe. Ireland ilipiga marufuku uvutaji sehemu za kazi, baa zikiwemo, Machi 2004, na Uingereza ikafuata: Scotland mwaka 2006, England tarehe 1 Julai 2007. Tangu hapo, "a smoke-filled pub" katika nchi hizo humrudisha msomaji miaka ya nyuma. Waandishi hulitumia makusudi kuashiria zama: klabu ya jazi, meza ya karata, chumba cha habari chenye taipureta. Ukiandika hadithi ya leo iliyo katika nchi zenye marufuku hiyo na ukaweka "a smoke-filled bar", jiandae kueleza ni nani anayevunja sheria.

Nahau ya siasa nayo inaendelea kuishi bila moshi. Waandishi wengine huweka "proverbial" mbele yake ili kukiri kwamba hakuna moshi wowote.

Nitajuaje ni maana ipi imekusudiwa?

Angalia majirani wa neno. "Firefighters", "crawled", "evacuated", "stairwell", "inhalation": huo ni moto. "Party bosses", "nominee", "deal", "picked", "delegates": hiyo ni siasa. "Jazz", "whisky", "poker", "1950s": hapo mwandishi anajenga hali ya zamani. Wingi nao unadokeza. "Smoke-filled rooms", kwa wingi na bila kutaja jengo lolote, mara nyingi ni siasa. Panapotajwa namba ya ghorofa, ni moto.

Kwa Kiswahili nilitafsiri vipi, likiwa na maana ya moshi halisi?

Msingi ni kitenzi kujaa pamoja na kirejeshi, na upatanisho ufuate ngeli ya mahali panapotajwa: chumba kilichojaa moshi, vyumba vilivyojaa moshi, ukumbi uliojaa moshi, baa iliyojaa moshi, handaki lililojaa moshi, ngazi zilizojaa moshi. Ukitumia nomino yenye -ni, upatanisho unahamia kwenye mahali: jikoni mmejaa moshi, kule koridoni kumejaa moshi.

"Kilichojaa kwa moshi" inaeleweka, ila hiyo kwa haina kazi, iondoe. "Kilichojazwa moshi" ni jambo tofauti: inaashiria kuna mtu aliyeutia makusudi, kama chumba cha mazoezi ya zimamoto kinachopulizwa moshi wa mashine. Usiitumie kwa ajali.

Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho wafasiri hukisahau: kutanda. "The singer walked across the smoke-filled hall" inaweza kuwa "Mwimbaji alikatiza ukumbini, moshi wa sigara umetanda". Sentensi imevunjika sehemu mbili, kivumishi kimetoweka, na inasomeka kama iliyozaliwa Kiswahili. Kung'ang'ania kirejeshi kila mahali hufanya tafsiri iwe na -lichojaa, -liyojaa, -liojaa kila mstari, na msomaji huchoka upesi.

Kwa "smoky" inatosha -enye moshi: chumba chenye moshi, mgahawa wenye moshi. Tofauti ya kiwango kati ya vivumishi viwili vya Kiingereza inabaki salama kati ya -enye na -liojaa.

Na likiwa nahau ya siasa?

Usitafsiri moshi. "Mgombea alichaguliwa katika chumba kilichojaa moshi" itamfanya msomaji wa Kiswahili ajiulize kama jengo lilishika moto na kwa nini hawakutoka nje. Sema mgombea alipitishwa kwenye kikao cha siri cha vigogo, au kwamba wakubwa walikaa chemba wakapanga. "Nyuma ya pazia" inafaa pale ambapo kikao chenyewe hakijathibitishwa na unaeleza tu kwamba mambo yalipangwa kwa siri. Kwa habari rasmi, "mazungumzo ya faragha ya viongozi wachache" ni salama, ingawa lawama iliyomo kwenye nahau inapungua makali. Ukitaka kuirudisha, ongeza kinachonyimwa: "bila wajumbe kushirikishwa".

Kuna hali moja ambapo moshi lazima ubaki, nayo ni pale mwandishi anapouchezea. Kwa mfano: "The rooms are no longer smoke-filled, but the doors are still shut." Hapo unaweza kuandika: "Moshi wa sigara umeondoka kwenye vikao vya wakubwa, milango bado imefungwa." Ukiufuta moshi, mchezo wa maneno unakufa nao.

Naweza kumwita mtu "smoke-filled"?

Mtu, hapana. Mapafu yake, ndiyo: "smoke-filled lungs" inakubalika kwa kuwa mapafu yana nafasi ndani. Macho hayana, kwa hiyo macho yanayowasha kwa moshi ni "eyes stinging from the smoke". Na anayenuka sigara "smells of smoke".

Makosa gani niyakague kabla ya kuwasilisha maandishi?

Kwanza herufi l: "filed" yenye l moja inatokana na "file", kitenzi cha kuweka kwenye jalada au kupiga tupa. Kisha -ed isidondoke; "smoke-fill room" huandikwa sana na wanaotegemea sikio, kwa sababu d ya mwisho humezwa na r inayofuata. "Smoke-filling room" nayo ikatae, labda kama unakusudia chumba cha kujazia moshi. Hakikisha kistari ni kifupi, cha kwenye kibodi, si kile kirefu kinachotenga vishazi; baadhi ya programu za kuandikia hubadilisha zenyewe pale unapoacha nafasi pande zote mbili. Mwisho, tafuta neno "smoke" kwenye ukurasa mzima. "The smoke-filled room was full of smoke" imewahi kupita mbele ya macho ya wahariri wengi.